Upungufu wa damu: Si kila mara chuma ndicho kinachokosekana

Na MWANDISHI WETU

MTU anapoambiwa kuwa damu yake imepungua, jambo la kwanza linalomjia akilini ni lishe. Jamaa humshauri ale maini, dengu na mboga za kienyeji kama vile terere na managu. Wengine humhimiza anywe maji ya bitiruti, au apitie kwenye duka la dawa anunue vidonge vya kuongeza damu. Ushauri huo una msingi wake, kwani ukosefu wa madini ya chuma ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya upungufu wa damu, yaani anemia, kote ulimwenguni.

Hata hivyo, ipo aina nyingine ya upungufu wa damu ambayo haitokani na chakula duni wala kuvuja damu. Anayeugua aina hii huwa na chuma mwilini, pengine hata kingi kupita kiasi, lakini mwili wenyewe umekifungia na kukataa kukitoa. Wataalamu huiita anemia ya inflamesheni, au anemia ya maradhi sugu. Inahesabiwa kuwa ya pili kwa wingi duniani baada ya ile inayosababishwa na ukosefu wa chuma, na huwaandama sana watu wanaougua kwa muda mrefu.

Kuzitofautisha aina hizi mbili si suala la wasomi pekee. Anayemeza vidonge vya chuma kwa miezi mingi, ilhali kinachomla ni kifua kikuu, maradhi ya figo au uvimbe wa saratani, hupoteza wakati ambao angeutumia kutibiwa ugonjwa wenyewe. Upungufu wa damu wa namna hii ni dalili, na wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu.

INFLAMESHENI NI NINI?

Mtu akijikata kidole, baada ya saa chache mahali pale huvimba, huwa pekundu, huwa na joto na huuma. Hiyo ndiyo inflamesheni. Ni ishara kwamba chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, zimefika kupambana na viini na kuondoa nyama iliyoharibika. Kidonda kikipona, askari hao hutawanyika na uvimbe hutulia.

Tatizo huanza pale ambapo vita hivyo havikomi. Bakteria wa kifua kikuu wanaweza kukaa katika mapafu kwa miezi mingi huku mwili ukiendelea kupambana nao. Virusi vya Ukimwi visipodhibitiwa kwa dawa huuweka mwili katika hali ya tahadhari siku zote. Katika ugonjwa wa baridi yabisi unaoshambulia viungo, mwili hujigeuka na kujipiga wenyewe, kana kwamba magoti na vidole vyake ni adui aliyevamia. Saratani, maradhi sugu ya figo, ugonjwa wa moyo uliodhoofika, malaria ya mara kwa mara, kalaazar na vidonda vya mifupa visivyopona ni mifano mingine. Hata unene wa kupindukia huambatana na inflamesheni ya kiwango cha chini ambayo mhusika hatambui kuwa anayo.

Inflamesheni ya muda mrefu haiishii pale ilipoanzia. Chembechembe nyeupe huwasiliana kwa kumwaga katika damu kemikali ziitwazo saitokini. Kemikali hizo husafiri hadi kwenye ini, figo na uboho wa mifupa, na huko ndiko utengenezaji wa damu unakovurugwa.

DAMU HUTENGENEZWAJE?

Ili kuelewa uharibifu huo, ni muhimu kwanza kufahamu jinsi damu inavyotengenezwa katika mwili wenye afya. Chembechembe nyekundu, ambazo kazi yake ni kusafirisha oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili, hutengenezwa katika uboho ulio ndani ya mifupa. Mtu mzima hutengeneza takriban chembe milioni 2 kila sekunde. Kila chembe huishi kwa siku 120 hivi, kisha huzeeka na kuondolewa.

Chembe hizo hupata rangi na uwezo wake kutokana na protini iitwayo himoglobini, ambayo haiwezi kutengenezwa bila chuma. Mwili wa mtu mzima huwa na gramu 3 hadi 4 za chuma kwa jumla, na takriban thuluthi mbili ya kiasi hicho imo ndani ya himoglobini.

Uboho huhitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku ili kutengeneza chembe mpya. Ajabu ni kwamba chakula hakitoi hata nusu ya kiasi hicho. Kwa kawaida utumbo hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku. Kiasi kikubwa kinachosalia hutokana na chembe nyekundu zilizozeeka. Katika wengu, ini na uboho, kuna chembe maalumu ziitwazo makrofaji ambazo humeza chembe nyekundu zilizochakaa, huzivunjavunja, huchopoa chuma kilichomo na kukirudisha katika damu ili kitumike tena.

Kwa hivyo, anayetaka kujua kwa nini damu imepungua hana budi kuuliza maswali mawili. Je, chuma kinaingia mwilini? Na je, kile kilichomo kinaruhusiwa kuzunguka? Watu wengi huuliza la kwanza na kulisahau la pili.

KUFULI YA HEPSIDINI

Madaktari walianza kuushuku mzunguko huo kitambo. Katika miaka ya 1940, Maxwell Wintrobe na George Cartwright wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichunguza kwa kina upungufu wa damu unaoandamana na maambukizi. Ilibainika kwamba mtu anapougua, chuma kilichomo katika damu yake hupungua ilhali akiba iliyo kwenye makrofaji na ini ingalipo. Kilichokosekana ni maelezo ya nani anayefunga mlango.

Jibu lilipatikana zaidi ya nusu karne baadaye. Mnamo 2000 na 2001, watafiti nchini Ujerumani na Marekani walitangaza kugundua homoni ndogo inayotengenezwa na ini. Wale wa Marekani, wakiwemo Tomas Ganz na wenzake wa Chuo Kikuu cha California jijini Los Angeles, waliipa jina la hepsidini, kwa sababu inatoka kwenye ini na ilionekana kuwa na uwezo wa kuua bakteria katika maabara. Mwaka huohuo wa 2001, wanasayansi wa Ufaransa walionyesha kwamba panya wasio na homoni hiyo hulimbikiza chuma mwilini kupita kiasi. Ikawa wazi kuwa hepsidini ndiyo inayodhibiti chuma.

Namna inavyofanya kazi ilielezwa mwaka wa 2004 na kundi lililomjumuisha Elizabeta Nemeth pamoja na Ganz. Chuma hutoka ndani ya chembe kwa kupitia lango moja tu, nalo ni protini iitwayo feropotini. Lango hilo lipo katika chembe za utumbo zinazofyonza chuma cha chakula, katika makrofaji zinazochopoa chuma cha chembe kuukuu, na katika ini linakowekwa akiba. Hepsidini hujibandika kwenye lango hilo na kulifanya livutwe ndani ya chembe na kuvunjwa. Lango likishaondolewa, chuma hakina pa kupitia.

Saitokini mojawapo, iitwayo intalukini-6, ndiyo hasa inayoliamrisha ini kumwaga hepsidini kwa wingi wakati wa inflamesheni. Kwa sababu chuma kinachozunguka katika damu kwa wakati mmoja ni takriban miligramu 3 tu, na hutumiwa na kujazwa tena mara kadhaa kwa siku, athari ya kufunga malango huonekana upesi. Katika muda wa saa chache, kiwango cha chuma katika damu hushuka. Ghala limejaa, lakini uboho unalala njaa.

KWA NINI MWILI HUJINYIMA?

Msomaji huenda akashangaa kwa nini mwili ujifanyie hivyo. Wataalamu wanaeleza kuwa hiyo ni silaha ya kale ya kujihami. Bakteria wengi huhitaji chuma ili wakue na kuzaana, kama sisi tunavyokihitaji. Mji unapovamiwa, wenye maghala huyafunga ili adui asipate chakula. Mwili nao huficha chuma chake ili kuvinyima viini riziki.

Kwa ugonjwa wa siku chache, mbinu hiyo ina faida na haina gharama kubwa. Chembe nyekundu huishi karibu miezi minne, kwa hivyo kusimamisha utengenezaji kwa wiki moja hakumdhuru mtu sana. Lakini vita vikidumu kwa miezi au miaka, ulinzi huo hugeuka kuwa maradhi.

Aidha, kufungwa kwa chuma si kosa la pekee. Kuna mengine mawili yanayotendeka sambamba nalo. La kwanza ni kwamba figo, ambazo hutengeneza homoni ya erithropoyetini inayouamrisha uboho kuzalisha chembe nyekundu, hutoa homoni hiyo kwa kiasi kidogo kuliko inavyohitajika, na uboho wenyewe huwa mzito wa kuitikia wito. La pili ni kwamba makrofaji zilizochangamshwa na inflamesheni huwa na pupa, huzimeza chembe nyekundu kabla ya siku zake kutimia. Hivyo basi, zinazozaliwa ni chache na zinazokufa ni nyingi.

Kwa mgonjwa wa figo hali huwa mbaya zaidi. Figo zilizoharibika hushindwa kutoa erithropoyetini ya kutosha, na pia hushindwa kuiondoa hepsidini mwilini kama ipasavyo.

DALILI NA VIPIMO

Dalili za aina zote za anemia hufanana: uchovu usioisha, kuishiwa na pumzi unapopanda ngazi, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na weupe wa ndani ya kope na viganja. Upungufu unaotokana na inflamesheni huja polepole na kwa kawaida si mkali sana, kiasi kwamba mgonjwa huuzoea na kudhani ni uzee au kazi nyingi. Himoglobini ikishuka sana, daktari hutafuta sababu nyingine ya ziada.

Shirika la Afya Duniani (WHO) husema mtu mzima ana upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 13 kwa kila desilita ya damu kwa mwanamume, na chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Lakini kipimo hicho husema tu kwamba damu imepungua. Hakisemi ni kwa nini.

Hatua inayofuata ni kutazama umbo la chembe. Katika ukosefu wa chuma halisi, chembe nyekundu huwa ndogo na zilizopauka. Katika anemia ya inflamesheni, aghalabu huwa chache lakini zenye ukubwa na rangi ya kawaida, ingawa ugonjwa ukikaa sana zinaweza kuwa ndogo pia.

Kupima chuma kilichomo katika damu pekee hakutoshi, na kunaweza kupotosha. Kiwango hicho huwa chini katika aina zote mbili: katika ya kwanza kwa sababu ghala ni tupu, na katika ya pili kwa sababu limefungwa. Kipimo kinachosaidia zaidi ni cha feritini, protini inayohifadhi chuma. Feritini ikiwa chini, ghala ni tupu bila shaka. Ikiwa ya kawaida au juu, huenda ghala lina akiba.

Neno "huenda" limetumika kwa makusudi. Inflamesheni yenyewe hupandisha feritini, hivyo kipimo kinaweza kuonyesha akiba nzuri ilhali mgonjwa pia ana ukosefu wa chuma. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2020 unatumia viwango tofauti. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini iliyo chini ya maikrogramu 15 kwa lita huashiria ukosefu wa chuma. Kwa aliye na maambukizi au inflamesheni, mpaka huo hupandishwa hadi 70. Daktari hupima pia protini iitwayo kwa kifupi CRP, ambayo hupanda inflamesheni inapokuwapo.

Ni jambo la kawaida kwa mtu mmoja kuwa na matatizo yote mawili. Mathalani, mwanamke mwenye baridi yabisi anayepata hedhi nzito, au anayetumia dawa za maumivu zinazochubua tumbo na kumfanya avuje damu kidogokidogo, anaweza kuwa na ghala lisilojaa na kufuli juu yake.

FUNZO KUTOKA PEMBA

Baadhi ya watu husema kwamba hata kama chuma hakihitajiki, kukimeza hakuna madhara. Utafiti uliofanywa katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, ulionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Watoto wadogo walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, bila kwanza kupimwa iwapo walikikosa, katika mazingira ambayo wakati huo yalikuwa na malaria nyingi. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka wa 2003, na matokeo yalipochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2006, ilibainika kwamba watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kuugua vibaya hadi kulazwa hospitalini au kufariki, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa.

Hata hivyo, kundi dogo la watoto lililofuatiliwa kwa karibu lilitoa taswira nyingine. Waliokuwa na ukosefu wa chuma, na ambao malaria yao iligunduliwa na kutibiwa mapema, walinufaika. Funzo basi halikuwa kwamba chuma ni sumu, bali kwamba hufaa kikipewa anayekihitaji, huku maambukizi yakidhibitiwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2016 unashauri kwamba katika maeneo yenye malaria, watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu ugonjwa huo.

Tahadhari hii isieleweke vibaya na kina mama wajawazito. Mimba huhitaji chuma kingi, na vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki vina manufaa yaliyothibitishwa. Mjamzito asiviache bila kuzungumza na muuguzi au daktari wake.

MATIBABU

Tiba ya kwanza ni kutibu chanzo. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa zake kwa ukamilifu, kwa kawaida miezi sita, mara nyingi huona damu yake ikipanda hata bila vidonge vya chuma, kwa sababu inflamesheni ikitulia ini hupunguza hepsidini na malango hufunguka. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma nchini. Vivyo hivyo, anayeishi na virusi vya Ukimwi hupata nafuu anapotumia dawa za kupunguza makali, ingawa mojawapo ya dawa hizo, zidovudini, yenyewe inaweza kupunguza damu, na anayeitumia hupaswa kupimwa mara kwa mara.

Vidonge vya chuma havifui dafu kwa mgonjwa wa inflamesheni pekee kwa sababu lango la utumboni limefungwa. Pale ambapo kuna ukosefu halisi wa chuma pia, daktari anaweza kuchagua kukitia kwa sindano ya mshipani ili kuliepuka lango hilo.

Kwa wagonjwa wa figo, erithropoyetini iliyotengenezwa kiwandani, ambayo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 1989, imewaondolea wengi haja ya kuongezewa damu kila mara. Nayo ina mipaka yake. Tafiti zilizochapishwa mwaka wa 2006 zilionyesha kwamba kuipandisha himoglobini ya wagonjwa hao hadi kiwango cha mtu mwenye afya hakuwaletei faida iliyotarajiwa, na kunaweza kuzidisha hatari ya maradhi ya moyo. Kwa sababu hiyo, madaktari hulenga kiwango cha wastani.

Dawa mpya zaidi ni vidonge vinavyoufanya mwili uhisi kana kwamba umepungukiwa na oksijeni, nao ukatengeneza erithropoyetini yake wenyewe. Vinatokana na ugunduzi uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 2019. China iliidhinisha mojawapo, roksadustati, mwaka wa 2018, kwa wagonjwa wa figo.

Kuongezewa damu hubakia kuwa njia ya dharura, wakati upungufu umekuwa mkali au moyo umeanza kulemewa.

MASWALI YA KUMUULIZA DAKTARI

Aliyetumia vidonge vya kuongeza damu kwa mwezi mmoja au miwili bila himoglobini kupanda asiongeze dozi wala kubadilisha aina ya dawa kwa hiari yake. Arudi hospitalini na kuuliza: Je, feritini yangu imepimwa? Je, kuna dalili za inflamesheni? Figo zangu zinafanya kazi sawasawa? Je, ninavuja damu mahali nisipopaona?

Ni vyema pia amweleze daktari dalili nyingine hata kama hazionekani kuhusiana na damu: kikohozi kilichozidi wiki mbili, kutokwa jasho jingi usiku, kupungua uzani bila sababu, viungo kukakamaa asubuhi, miguu kuvimba, choo cheusi au chenye damu, au tumbo kujaa upande wa kushoto kunakokaa wengu. Kwa wakazi wa maeneo kame kama Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, homa ya muda mrefu inayoandamana na kuvimba kwa wengu na upungufu wa damu ni sababu tosha ya kupimwa kalaazar.

Lishe bora ingali na nafasi yake, na hakuna anayeshauriwa kuacha mboga za kienyeji. Lakini hakuna mboga wala kidonge kinachoweza kufungua lango ambalo mwili umelifunga kwa kumhofu adui. Adui akiondolewa, mwili hulifungua wenyewe.